Posa ya Sidab

Hakuna aliyemtuma Nasriya binti Ghanim kwenda kuposa. Alitumwa kwenda kuuliza maswali, na tofauti ya mambo hayo mawili aliijua vizuri yeye na mwalimu wake. Bahati mbaya watu wa Sidab hawakuwa wameambiwa.

Ilikuwa mwisho wa mwaka 1970, siku chache baada ya Idi Ndogo. Nchi ya Omani ilikuwa imefunguka tangu sultani mpya ashike madaraka mwezi wa Julai, na kila kitu kilikuwa kinaanza kwa pupa: skuli kwenye mahema, zahanati kwenye nyumba za kupanga, na huko Matrah, ghorofani juu ya duka la vitambaa, chuo kidogo cha wanawake kilichofundisha somo ambalo watu hawakujua waliite nini. Ubaoni liliandikwa "elimu ya jamii na tabia za watu". Muhsina, mama yake Nasriya, alipoulizwa na majirani mwanawe anasomea nini, alijibu, "Anasomea watu." Majirani wakatikisa vichwa, wakadhani ni mambo ya uganga.

Nasriya alikuwa na miaka ishirini. Skuli aliiachia Unguja mwaka ule wa sitini na nne, na Maskati aliyoifikia haikuwa na skuli ya wasichana hata moja. Miaka sita alikaa ndani akipika, akishona, na kurudia vitabu vinne alivyokuja navyo mpaka akavijua kwa moyo. Kwa hiyo chuo kilipofunguliwa hakuuliza kinafundisha nini. Angefundishwa hata kuchambua mchanga angekwenda. Baba yake, Ghanim, karani wa forodhani, alimruhusu kwa sharti moja. "Siku nitakayosikia jina lako linatajwa barazani kwa jambo lisilopendeza," alimwambia, "siku hiyo ndiyo mwisho wa chuo." Nasriya aliona sharti hilo ni jepesi. Yeye na mabaraza wapi na wapi?

Mwalimu wao alikuwa Ustadha Bakhita, Msudani mnene mwenye sauti nzito na miwani iliyokuwa ikimteleza puani kila akikasirika. Wiki ya mwanzo aliwafundisha kwamba hakuna mtu anayetenda jambo bila ya sababu. Wiki ya pili akawafundisha jinsi ya kuitafuta sababu hiyo: unakwenda nyumbani kwa mtu, unauliza kwa adabu, unaandika alichosema na si ulichotaka aseme. Halafu akawapa kanuni. "Msile wala msinywe katika nyumba mnazozichunguza. Wengine hawana kitu, watakupeni riziki ya watoto wao. Na aliyekula chumvi ya mtu hawezi kuandika ukweli juu yake." Nasriya aliipenda sana kanuni hii. Ilimfanya ajione mtaalamu.

* * *

Nyumba aliyopewa Sidab, kijiji kilicho ng'ambo ya kilima, ilikuwa ya mjane mmoja aitwaye Kheiria, aliyekuwa akishona kofia na kuziuza sokoni Matrah. Kheiria alimkaribisha kwenye mkeka, akamtazama buibui lake la Kizanzibari kutoka juu hadi chini, na bila ya kuuliza akamwita bintiye alete tende na kahawa. Binti huyo aliitwa Masouda. Alikuwa na miaka kumi na saba, na alimimina kahawa kwa mkono wa kushoto akitoa kikombe kwa mkono wa kulia, kama alivyofundishwa.

Nasriya alifikiri haraka. Kukataa mkono ulionyooshwa ni ufedhuli. Kunywa ni kuvunja kanuni. Akakipokea kikombe kwa shukrani, akakiweka mkekani mbele yake kikiwa kimejaa, kisha akatoa karatasi yake. Kheiria akachomeka sindano kwenye kofia na kuiweka kando.

"Una haja kwetu, binti yangu?" aliuliza kwa Kiarabu.

"Ndiyo, khala, nna haja," alijibu Nasriya kwa Kiarabu chake cha Unguja, ambacho watoto wa kule Maskati walikuwa wakikiigiza vichochoroni na kuchekana.

Kheiria akamtupia macho bintiye, akamrudia mgeni. "Haja yako imepita. Kunywa."

Nasriya akasema moyoni, huyu bibi muungwana ajabu, hata hajajua nataka kumuuliza nini keshakubali. Kwa kuwa ameshakubaliwa aliona vibaya kumvunja uso. Akainywa. Kisha akaanza maswali yake. Nyumba hii ina watu wangapi? Mabinti wangapi, na wana umri gani? Yupi ameolewa? Yupi bado? Je, huyu Masouda anajua kusoma? Ana maradhi yoyote? Kazi zipi za nyumbani anaziweza?

Kheiria alijibu kila swali kwa utulivu, akiwa amekaa wima kama yuko mbele ya kadhi. Alimwita jirani aje asikilize, na jirani akaja na mwenzake. Walipoona Nasriya amefika nusu ya karatasi, nao wakaanza yao. Una kaka? Ninaye mmoja, Aflah. Anafanya kazi? Karani kwenye kampuni ya mafuta. Ameoa? Bado. Anasali? Anasali, ila alfajiri mpaka aamshwe. Wanawake wakacheka, na Nasriya akacheka nao, moyo umemjaa furaha, kwa sababu Ustadha Bakhita alisema watu wakianza kukuuliza na wewe habari zako, jua wamekuamini.

Msomaji ameshaona tulipofika. Nasriya hakuona, na maswali yake mengine hata hakuwahi kuyauliza, maana wanawake walikwishamzunguka kwa maneno na vicheko. Alipoinuka kwenda zake, Kheiria alimbusu kichwani na kumtia mkononi kofia mpya. "Ya kaka yako," alisema. Kanuni ya Ustadha ilizungumzia kula na kunywa. Kofia haikutajwa, basi akaichukua.

* * *

Alhamisi alasiri, bila ya taarifa, wageni wawili walisimama mlangoni kwa Ghanim. Mmoja alikuwa Thabit, kaka yake Kheiria, mwanamume mrefu mwenye ndevu zilizotiwa hina. Wa pili alikuwa mzee wa mtaa wao, aliyekuja kuwa shahidi na kula halwa. Halwa yenyewe walikuja nayo, sahani kubwa iliyofunikwa kwa kitambaa. Ghanim aliwakaribisha sebuleni bila ya kujua wametokea wapi wala wanataka nini, na kwa adabu za Kiomani hakuuliza. Waliulizana habari, wakaambiana hakuna habari ila ya kheri, wakaulizana tena.

Jikoni Muhsina alikuwa hana raha. Kahawa ilikuwa imekwisha, na hakukuwa na muda wa kumtuma mtu kwa jirani. Akapeleka chai ya tangawizi na vitumbua vya asubuhi alivyovipasha moto. Thabit alikichukua kitumbua kimoja, akakigeuza huku na huku, akakirudisha sahanini taratibu. Ghanim aliliona hilo, na uso ukamwiva. Miaka sita katika nchi ya babu zake, na bado chakula chake kilikuwa kinageuzwageuzwa namna ile. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Mara Aflah akaingia kutoka kazini, na kichwani amevaa kofia mpya. Thabit aliitambua kazi ya mkono wa dada yake. Uso wake wote ukafunguka.

"Ndiye huyu?" aliuliza.

"Ndiye mwanangu," alisema Ghanim. "Kwani kuna nini?"

Thabit alimuuliza Aflah jambo moja na jingine. Aflah alijibu, akikwama kila neno la tatu, akichomekea Kiswahili pale Kiarabu kilipomwishia. Yule mzee aliinamia halwa kuficha tabasamu. "Si kitu," alisema Thabit kwa ukarimu. "Lugha atafunzwa na mkewe."

"Mke gani?" aliuliza Ghanim.

Hapo ndipo Thabit alipoeleza. Alieleza kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo analolijua, maana hakutaka kumwaibisha kwa kuonyesha kuwa ameshangaa. Binti yenu alikuja nyumbani kwa dada yangu. Aliweka kikombe chini, akasema ana haja. Tukampitishia. Aliuliza habari za binti yetu zote, umri na afya na kazi, akajibiwa. Akatueleza habari za kaka yake. Akapokea kofia. "Kulikuwa na mtu mwingine," alimalizia, "Suud wa Hail, mfanyabiashara, alikuwa akingoja jibu letu tangu Shaabani. Tumemwambia neno limeshatoka kwenu. Sidab nzima inajua. Nimekuja kuuliza lini mtakuja rasmi."

Ghanim hakusema ndiyo wala hapana. Mwanamume aliyeletewa halwa na mashahidi hawezi kusema hapana papo hapo, na hawezi kusema ndiyo kwa jambo asilolijua. Alisema, "Kesho, baada ya sala ya Ijumaa, tutakuja, inshallah." Akawasindikiza mpaka nje ya lango la mji. Njia nzima alikuwa akifikiri kwamba jina la bintiye limeshatajwa barazani, tena si baraza moja.

* * *

"Uliweka kikombe chini?" Ghanim, aliporudi kuwasindikiza wageni, alimuuliza Nasriya.

"Niliweka, Baba. Ustadha alisema tusinywe."

"Kimejaa?"

"Kimejaa."

"Na ukasema una haja?"

"Si waliniuliza wenyewe! Na kweli nilikuwa nayo. Nilitaka kuwauliza maswali."

Ghanim alikaa chini, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Hapa mtu akija kwako na jambo kubwa," alisema polepole, "mambo ya damu, au posa, kikombe cha kwanza hakinywi. Anakiweka chini. Wewe mwenyeji ukimwambia kunywa, umeshakubali, hata hujamsikia anataka nini. Marehemu babu yangu alinieleza hayo nikiwa mdogo. Sikudhani hata siku moja kwamba nitahitaji kukueleza wewe."

"Kwa hiyo mimi nimeozwa kwa kikombe cha kahawa?" aliuliza Aflah. Aliivua kofia, akaitazama kama ndiyo iliyomtia matatani. "Na mimi kwenye harusi yangu mwenyewe nilikuwa kazini?"

"Nyamaza wewe," alisema Muhsina, lakini mdomo ulimtetema kwa kicheko, na kicheko chenyewe kilikuwa karibu na kilio.

Aflah akaacha mzaha. Alimpenda dada yake, na alimwona amekaa pembeni amejikunyata. "Baba, kama hakuna njia nyingine, mimi nitaoa. Sijamposa mtu popote. Pengine ni binti mwema. Bora hivyo kuliko Nasriya kuitwa mwongo Sidab nzima."

"Na yeye je?" Nasriya alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Masouda hajakuona. Hajaulizwa. Alikuwa anamimina kahawa tu. Nimekwishamkosea mara moja kwa kutojua. Nisimkosee tena kwa makusudi."

Ghanim alimtazama bintiye, na katika jicho lake palikuwa na kitu kinachofanana na fahari, lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi na hofu ndiyo iliyosema. "Basi kesho tutakwenda kuomba radhi. Sisi sote. Na tukitoka huko, chuo basi. Nilikupa sharti moja tu, Nasriya. Moja."

Nasriya alikwenda jikoni akalia hadi macho yakavimba. Hakulia kwa ajili ya karatasi na mtihani. Alilia kwa sababu kwa muda wa wiki chache alikuwa ameamka kila siku akijua anakwenda wapi, na sasa alikuwa anarudi kwenye vile vitabu vinne. Muhsina aliingia, akakaa naye sakafuni, akamshika mkono. Uongo wa kumfariji hakutaka kumwambia.

* * *

Asubuhi ya Ijumaa chuo hufungwa, lakini Ustadha Bakhita alikuwa akiishi palepale ghorofani. Aflah alimpeleka dada yake Matrah kwa gari la kampuni na kumngojea chini. Nasriya alimweleza mwalimu wake yote tangu mwanzo. Ustadha alianza kucheka, tumbo likimtikisika, kisha akaona uso wa mwanafunzi wake na kicheko kikakatika.

"Kanuni ile," alisema, akivua miwani na kuifuta kwa ncha ya thobe lake, shuka la Kisudani alilojitanda, "nilifundishwa Khartoum na mwalimu Mwingereza. Nami niliwapa nyinyi kama nilivyopewa. Lakini kwetu Omdurman, wallahi, sijawahi kuingia nyumba nikatoka bila ya kunywa kahawa. Mama yangu angenifukuza. Sijui kwa nini nilidhani huku watu hawana desturi." Akairudisha miwani puani. "Kosa ni langu kabla ya kuwa lako."

"Baba amesema leo ndiyo mwisho, Ustadha."

"Baba yako siwezi kumwamuru, na nikienda kumwomba atasema Msudani anaingilia nyumba yake. Lakini nikwambie kitu kimoja. Ukienda Sidab, baba yako asiseme kwa niaba yako. Yule mama alikujibu wewe. Aliyefungua maneno yake ni wewe, basi wewe ndiye wa kuyarudisha."

* * *

Walikwenda kwa miguu, njia ya kupanda kilimani na kushuka upande wa pili: Ghanim mbele na Aflah, Muhsina na Nasriya nyuma. Ghanim alikuwa akitembea upesi. Kwa miaka sita alizoea kwamba milango ya mji itafungwa usiku, na ingawa sasa haifungwi tena, miguu yake ilikuwa bado haijapata habari.

Wanaume walikaribishwa uani, chini ya kivuli cha ukuta. Wanawake waliingia ndani, na mlango kati yao ukaachwa wazi, pazia jembamba limening'inia. Sauti zilikuwa zikipita huku na huku kama hakuna kitu. Watu wa mtaani walikuwa wamejaa mlangoni, wamekuja kushuhudia posa.

Nasriya alipokuwa akivua viatu, Masouda alimshika mkono na kumvutia nyuma ya mlango. "Kaka yako ni mtu wa namna gani?" alinong'ona, na kabla hajajibiwa akasema, "Hata akiwa mkali, si kitu. Suud wa Hail ana wake wawili, na binti yake mkubwa ni mkubwa kwangu. Mjomba alikuwa karibu kumkubalia. Siku uliyoweka kikombe chini, mama alilia kwa furaha baada ya kuondoka wewe."

Hapo Nasriya aliona mzigo wake umekuwa mizigo miwili. Akisema ukweli, anamrudisha huyu msichana kwa Suud. Akinyamaza, anamfunga kwa Aflah, na Aflah kwake, kwa ajili ya kutoaibika yeye. Alitamani aumwe na kitu, aanguke, apate sababu ya kutosema. Hakuanguka.

Uani Ghanim alikuwa ameshaanza. "Ndugu yangu Thabit, sisi tumekuja..."

"Baba," alisema Nasriya kutoka nyuma ya pazia. "Niache niseme mimi."

Ghanim akamwachia. Halafu akasema. Alisema kwa Kiarabu chake kile kile, akikosea hapa na pale, na safari hii hapakuwa na mtu aliyecheka. Alisema kwamba alikuja kusoma, hakuja kuposa. Kwamba kikombe alikiweka chini kwa kuwa aliamrishwa asinywe, na maana yake hakuijua. Kwamba maswali aliyouliza ndiyo anayouliza kila nyumba. Kwamba kaka yake hakujua lolote mpaka halwa ilipofika. "Nilikuja kwenu kujifunza desturi," alisema, "na nikaanza kwa kuivunja. Khala Kheiria, nakuomba radhi. Na wewe Masouda."

Mlangoni watu wakaanza kuguna. Thabit alisimama, uso umemwiva mpaka masikioni. "Kwa hiyo tumetangaza posa ya hewa," alisema. "Nimekwenda Hail kumrudisha mtu mwenye mali yake na heshima yake, kwa ajili ya msichana wa Unguja anayesoma tabia zetu kama sisi ni mifugo. Vyema. Suud hajaoa bado. Leo leo nampelekea jibu."

Ndani, Kheiria alimgeukia Nasriya. Alimtazama, na macho yake hayakuwa na hasira kama Nasriya alivyotarajia. Yalikuwa yameumia.

"Nilikwambia mambo ambayo dada yangu mwenyewe sijamwambia," alisema kwa sauti ya chini. "Kwa sababu nilidhani unakuwa mtu wetu."

"Najua, khala. Majibu yako ni haya hapa." Nasriya aliitoa karatasi na kuiweka magotini kwake. "Sijampa mtu. Ni yako. Yachane ukitaka."

Kheiria aliishika karatasi asiyoweza kuisoma. Akaigeuza. Kisha akavuta pumzi, akajifunika vizuri shela lake, na akasema kwa sauti iliyofika uani na mlangoni, "Kaa chini, Thabit."

"Kheiria, haya ni mambo ya..."

"Kaa, ndugu yangu. Maneno haya nimeyatoa mimi, sijayatoa kwa jina lako." Akangoja mpaka akasikia mkeka ukilalamika chini ya uzito wa kaka yake. "Kikombe kilikuja, nikasema haja imepita. Sikuuliza ni haja gani. Nani katika Sidab amewahi kusikia haja iliyopitishwa ikarudishwa? Nilidhani ni posa kwa sababu nilitaka iwe posa. Nilikuwa natafuta mlango wa kutokea, Mungu anajua, na huyu binti alipokuja nikadhani ndio mlango. Hilo ni langu." Akamgeukia Nasriya. "Wewe haja yako ilikuwa nini?"

"Nikuulize maswali, khala."

"Ulimaliza?"

"Sikumaliza."

"Basi maliza. Haja yako imepita." Akamrudishia karatasi. "Na Masouda alete kahawa, na safari hii unywe kabla ya kufungua mdomo."

Nasriya alikunywa. Muhsina alimshikia kalamu. Kisha akauliza. Maji mnayateka wapi? Akajibiwa, na jirani akaongeza kwamba kisima hicho kina chumvi. Umezaa watoto wangapi? Sita. Wangapi wako hai? Wawili. Kheiria aliyataja majina ya wale wanne, mmoja mmoja, na mwanamke mmoja mlangoni akaanza kulia kimya kimya, kwa kuwa mmoja wao alimnyonyesha yeye. Nasriya aliyaandika majina yote, ingawa swali lilitaka hesabu tu.

Swali lililofuata lilikuwa la mwisho, na alipoliona alisita. Akataka kuliruka.

"Soma," alisema Kheiria.

"Katika nyumba hii, nani mwenye kauli juu ya kuolewa kwa binti?"

Watu mlangoni wakaacha hata kukohoa. Uani Thabit alisema, "Walii wake ni mimi. Baba yake amekufa, hana kaka wala jamaa wa kiumeni, na kadhi amenikabidhi mimi."

"Walii ni wewe," alisema Kheiria. "Sikukatalii, na siku ikifika mkono utakaomwozesha ni wako, na nitakushukuru. Lakini nimemlea kwa sindano hii tangu ana miaka mitatu, na hukuwahi kuniuliza imenichoma mara ngapi. Nani aolewe naye, kauli ni yangu na yake. Masouda, unamtaka Suud wa Hail?"

"Hapana," alisema Masouda. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini siku ile Sidab yote ilikuwa na masikio.

"Basi andika, binti yangu. Andika ilivyo."

Nasriya aliandika. Uani, yule mzee wa halwa ndiye aliyetangulia kusema. Alisema kwamba kwa sheria binti aliyekataa mbele ya mashahidi hawezi kuozeshwa, na mashahidi hapa ni wengi mno. Thabit alikohoa. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu mbaya, na dada yake alikuwa hajawahi kumwambia kaa chini tangu wakiwa watoto. "Suud ana wake wawili wa kumfariji," alisema mwishowe. Watu wakacheka, na yeye mwenyewe akaona bora acheke.

Nasriya alianza kukunja karatasi yake. Alijua kwamba hiyo ndiyo karatasi ya mwisho atakayoijaza, na aliikunja taratibu.

"Ngoja," alisema Kheiria. "Mimi nimejibu yote. Haki yangu na mimi niulize moja." Akaligeukia pazia, upande alikokaa Ghanim. "Baba Aflah, na kwenu je? Nimesikia kuwa huyu binti anaachishwa masomo. Nani mwenye kauli juu ya hilo?"

Nasriya alimtazama mama yake kwa mshangao, naye Muhsina akainamisha macho. Ni yeye aliyewanong'oneza wanawake wakati Nasriya anavua viatu, na hakujuta. Nje, Aflah alimtazama baba yake.

Ghanim alikuwa mtu aliyepoteza nyumba, kazi na nchi katika wiki moja, na tangu siku hiyo kitu pekee alichobaki nacho cha kukilinda ni jina lake. Leo jina hilo lilikuwa limetajwa mbele ya mtaa mzima, na alikuwa amekaa akingoja kuona aibu. Aliingoja tangu bintiye alipofungua mdomo. Alichokisikia badala yake ni watu mlangoni wakiulizana kwa sauti ya chini, huyu ni binti wa nani, na wakijibiana kwa heshima.

"Nilidhani ni mimi," alisema. Akasafisha koo. "Ni yeye mwenyewe. Mwandikie hivyo, Nasriya. Ni wewe mwenyewe."

Nasriya aliikunjua karatasi. Hapakuwa na swali la namna hiyo wala nafasi ya jibu lake, na machozi yalikuwa yakimzuia kuona mistari. Muhsina akampangusa kwa ncha ya buibui lake, akamwambia aandike upesi kabla baba yake hajafikiri tena.